Bili ya joto Marekani: namna ya kuomba LIHEAP kabla baridi haijakuwahi

Sisi tuliotoka Kigoma, Uvira, Nyarugusu au Kakuma hatukuwahi kununua joto. Jua lilikuwa bure, na usiku ukipoa, kanga moja juu ya shuka ilitosha. Ndiyo maana bili ya kwanza ya Januari huwa tunaisoma mara tatu, kisha tunaikunja na kuiweka juu ya friji kana kwamba itasahau. Haisahau. Mwezi unaofuata inakuja nyingine, na deni la mwanzo limeandikwa juu yake.

Ipo fedha ya serikali kwa ajili ya bili hiyo. Inaitwa LIHEAP, na watu wa ofisini hutamka "lai-hip". Bunge la Marekani liliianzisha mwaka 1981, na kila mwaka huitengea takriban dola bilioni 4 zinazogawiwa majimbo yote. Si mkopo, hutadaiwa. Katika majimbo mengi fedha hata haipiti mkononi mwako, kwani inakwenda moja kwa moja kwa kampuni ya gesi, ya umeme au ya mafuta, na wewe unaona tu bili imepungua.

Kinachowakosesha watu wetu msaada huu mara nyingi si sheria. Ni barua ambayo haikufunguliwa, karatasi moja iliyokosekana, au kuanza kuomba Februari wakati fungu limekwisha. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye karatasi na tarehe.

Hatua ya 1: Jua nyumba yako inapashwa na nini

Swali hili ni la kwanza kwenye fomu, na wengi hulikosea. Nyumba inaweza kupashwa joto kwa gesi ya bomba, umeme, mafuta yanayoletwa na lori, propeni, mafuta ya taa au kuni. Usikisie. Muulize mwenye nyumba, au shuka kwenye chumba cha chini ya nyumba ukatazame. Ukikuta tangi kubwa la chuma lenye kipimo juu yake, hayo ni mafuta, na ndivyo zilivyo nyumba nyingi za Maine. Tangi jeupe lililolala nje uani, hiyo ni propeni. Ukiwa na bili ya gesi inayopanda kila Desemba na kushuka Mei, ni gesi.

Angalia pia bili iko kwa jina la nani. Nimewahi kukaa na mama mmoja saa nzima tukijaza fomu, mwishoni tukagundua bili iko kwa jina la shemeji yake aliyehamia jimbo jingine miaka miwili nyuma. Ofisi inataka bili iwe kwa jina la mtu anayeishi humo. Kubadilisha jina ni simu moja kwa kampuni, lakini fanya kabla ya kuomba.

Kama joto limo ndani ya kodi, usijitoe haraka. Sheria ya LIHEAP inataka wapangaji na wenye nyumba watendewe kwa usawa, na baadhi ya majimbo, New York likiwemo, humpa kiasi kidogo hata mpangaji ambaye joto lake limo kwenye kodi. Uliza.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kipato

Kila jimbo lina kikomo chake, lakini haliwezi kuvuka mpaka uliowekwa na sheria ya shirikisho: asilimia 150 ya kiwango cha umaskini cha taifa, au asilimia 60 ya kipato cha katikati cha jimbo (kile ambacho nusu ya familia ziko juu yake na nusu chini yake), kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Wala jimbo haliruhusiwi kumkatalia mtu kwa kipato peke yake kama yuko chini ya asilimia 110 ya kiwango cha umaskini.

Tuweke namba. Kiwango cha umaskini cha mwaka 2025 kilikuwa dola 15,650 kwa mtu mmoja, na kwa kila mtu anayeongezeka unajumlisha dola 5,500. Familia ya watu 4 ni dola 32,150, na asilimia 150 yake ni dola 48,225 kwa mwaka. Familia ya watu 8 (na kwetu watu 8 ni familia ya kawaida) ni dola 54,150, na asilimia 150 yake ni dola 81,225. Soma tena namba hiyo ya mwisho. Baba na mama wanaofanya kazi wote wawili kiwandani wakiwa na watoto 6 hudhani wamepitiliza, kumbe huenda bado wamo. Viwango hubadilika kila Januari, basi ukifika ofisini tumia jedwali la mwaka huo na la jimbo lako.

Kinachohesabiwa kwa kawaida ni kipato kabla ya makato, yaani ile namba kubwa ya juu kwenye karatasi ya mshahara, wala si ile inayoingia benki. Na hapa panauma kidogo: fedha unayomtumia mama kule Bujumbura au wadogo zako kambini haipunguzwi kwenye hesabu hiyo, hata kama ni nusu ya mshahara.

Jambo jingine kwa mnaofanya kazi kwenye viwanda vya nyama. Majimbo mengi huangalia mwezi mmoja au mitatu ya karibuni. Kama mwezi huo ulifanya saa nyingi za ziada, kipato chako kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Uliza kama wanakubali hesabu ya miezi 12. Kwa familia nyingine hesabu hiyo ndiyo iliyofungua mlango.

Na kama nyumbani kwako mnapokea SNAP, ile kadi ya chakula, au SSI, yale malipo ya serikali kwa wazee na wenye ulemavu wasio na kipato cha kutosha, liseme mapema. Katika majimbo mengi hilo linafupisha safari nzima.

Hatua ya 3: Hali yako ya uhamiaji

Wakimbizi, waliokwisha kupewa hifadhi, na wenye green card wanaruhusiwa kuomba. Ile miaka 5 ya kungoja inayotajwa kwenye misaada mingine haihusu LIHEAP. Ukifika Oktoba kama mkimbizi, Novemba unaweza kuomba.

Ambao bado wanasubiri kesi ya hifadhi kwa kawaida hawahesabiwi kuwa na sifa, lakini mtoto aliyezaliwa Marekani ni raia, na majimbo mengi hukubali ombi la nyumba yenye mtu mmoja au zaidi mwenye sifa. Wakifanya hivyo, kiasi huweza kupungua kwa sababu baadhi ya watu hawahesabiwi, ilhali kipato chao huweza kuhesabiwa. Huko Maine kuna pia General Assistance inayotolewa na mji wenyewe, na inaweza kulipia mafuta ya kupashia nyumba.

Hofu kubwa ninayoisikia kanisani na msikitini ni hii: "Nikichukua fedha ya serikali, watanikatalia green card." Kwa mkimbizi na aliyepewa hifadhi, sheria yenyewe inawatoa kwenye kipimo hicho cha kuwa mzigo kwa serikali. Kama uliingia kwa njia nyingine, kwa mfano kupitia ndoa, muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza. Usimuulize binamu wa WhatsApp.

Hatua ya 4: Kusanya karatasi kwenye bahasha moja

Fanya hivi Septemba, jioni moja, watoto wakishalala. Vinavyoombwa karibu kila mahali:

- kitambulisho chenye picha cha anayeomba
- kadi za Social Security za wote waishio humo, au zile mlizonazo
- I-94 (karatasi ya kuingia nchini) au green card kwa wasio raia
- karatasi za mshahara za kila mtu mzima anayefanya kazi, kwa kipindi kinachotakiwa
- barua za SSI, malipo ya kukosa kazi, au matunzo ya mtoto
- mkataba wa pango
- bili ya karibuni ya joto na ya umeme, zote mbili

Mtu mzima asiye na kipato chochote hawezi kuachwa mtupu kwenye fomu. Lazima asaini tamko kuwa hana kipato, na mara nyingi aeleze anaishi vipi. Kijana wako wa miaka 19 anayesoma chuo anaingia hapa pia. Hii ndiyo karatasi inayosahaulika kuliko zote.

Wanaosuka nywele, wanaouza sambusa, wanaoendesha teksi za mtandaoni: hao ni watu wa biashara, na wataombwa karatasi za kodi za mwaka uliopita. Kama hukuwasilisha kodi, anzia hapo.

Kuna na suala la majina, ambalo Mmarekani halielewi na sisi tumelizoea. Kwenye I-94 jina la ukoo limekuwa la kwanza, kazini wameandika herufi moja tofauti, na nusu ya nyumba imeandikwa kuwa ilizaliwa tarehe 1 Januari. Jaza jina lilivyo kwenye kadi ya Social Security, kisha mwambie mpokeaji mapema kwamba karatasi nyingine zinatofautiana. Ukinyamaza, kompyuta itakudhania watu wawili.

Hatua ya 5: Tafuta ofisi yenyewe

Ofisi ya LIHEAP kwenye mji wako huenda haina jina hilo mlangoni. New York na Maine huiita HEAP, Colorado ni LEAP, Minnesota ni Energy Assistance Program, New Hampshire ni Fuel Assistance. Mara nyingi maombi hupokelewa na mashirika ya jamii yanayoitwa Community Action. Njia fupi ni kupiga 211, namba ya simu ya kuulizia misaada, na kusema mji unaoishi. Ipo pia namba ya taifa ya kuelekeza watu, 1-866-674-6327.

Ukipiga simu, sentensi ya kwanza ya Kiingereza iwe hii tu: "Swahili interpreter, please." Kisha subiri. Ofisi zinazopokea fedha ya shirikisho zina wajibu wa kukuwezesha kuelewa, wajibu unaotokana na sheria ya haki za kiraia ya 1964, na mkalimani halipwi na wewe. Ukisikia Kiswahili cha Mombasa au Dar es Salaam na wewe umezoea cha Bukavu, mwambie aende polepole, hakuna aibu. Kama lugha yako hasa ni Kibembe au Kinyarwanda, omba hiyo. Usimtumie mtoto wa darasa la sita kutafsiri habari za kipato na madeni. Atakosea, na pia atajua mambo ambayo si ya umri wake.

Hatua ya 6: Omba mapema, tena mapema sana

Iowa hupokea maombi kuanzia 1 Oktoba kwa nyumba zenye mzee au mwenye ulemavu, na 1 Novemba kwa wengine, hadi 30 Aprili. Colorado ni 1 Novemba hadi 30 Aprili. Majimbo mengine yana tarehe zao. Lakini tarehe ya kufunga isikudanganye: fedha ni fungu lililokatwa, na linaweza kuisha kabla ya siku hiyo.

Mwaka 2025 ulitufundisha. Mwezi Aprili wafanyakazi wa ofisi ya shirikisho inayoisimamia LIHEAP waliachishwa kazi, halafu serikali ikafungwa kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba, na fedha ikachelewa kufika majimboni wakati baridi ilikuwa imeshaanza. Walioomba mapema walikuwa tayari kwenye foleni fedha ilipoachiliwa.

Ukipeleka fomu kwa mkono, omba nakala yenye muhuri wa tarehe. Ukituma kwa simu au kompyuta, piga picha ya ukurasa wa mwisho wenye namba ya ombi. Halafu endelea kulipa bili kadiri unavyoweza, hata dola 20, maana jibu linaweza kuchukua wiki kadhaa na kampuni haijui kama umeomba.

Hatua ya 7: Fungua kila barua

Mwaka wangu wa pili hapa niliomba, nikatulia. Baada ya mwezi na nusu nikapiga simu. Yule dada wa ofisini akaniambia ombi limefungwa kwa sababu sikujibu barua iliyodai karatasi moja ya mshahara. Barua hiyo nilikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya droo, pamoja na matangazo ya bima na ya piza, kwa sababu bahasha zote zilifanana machoni pangu. Nilianza upya, na baridi ile tulilala watoto wote chumba kimoja.

Tangu hapo nina kanuni: barua yoyote yenye dirisha la plastiki na jina langu inafunguliwa siku hiyohiyo. Kama huelewi, ipige picha uitume kwa mtu anayesoma Kiingereza, au irudishe ofisini mkononi. Muda wa kujibu huwa siku chache tu.

Baridi ikikukuta huna kitu

Umepata notisi ya kukatiwa gesi. Au tangi linasoma karibu sifuri. Au mashine ya joto imekufa usiku. Hapo huombi msaada wa kawaida, unaomba ule wa dharura, na neno la kutamka ni "crisis". Sheria inaitaka ofisi itatue dharura ndani ya saa 48 baada ya kuomba, na ndani ya saa 18 kama maisha yako hatarini. Mtoto mchanga, mzee, mgonjwa wa pumu, dawa inayotakiwa kukaa kwenye friji: yataje yote bila haya. Huku kuvumilia kimya si sifa, ni kupoteza nafasi. Mgonjwa asiyeweza kutoka ana haki ya kusaidiwa kuomba akiwa nyumbani.

Majimbo mengi ya baridi pia yanazuia kukatiwa huduma majira hayo. Minnesota kinga ni 1 Oktoba hadi 30 Aprili, lakini ni lazima upatane na kampuni namna ya kulipa, na ushike mapatano. Iowa kinga ni 1 Novemba hadi 1 Aprili, kwa waliothibitishwa kwamba wana sifa ya LIHEAP. Zingatia mambo mawili. Deni halifutwi, linalala tu, na kinga ikiisha ndipo kampuni hukata, hivyo Aprili na Mei ni miezi ya hatari kuliko Februari. Tena kinga hizi ni za gesi ya bomba na umeme. Muuza mafuta wa lori hafungwi nazo: huna fedha, haleti. Na wengi wao hawaleti chini ya galoni 100 kwa safari moja, kwa hiyo usingoje tangi likauke. Likikauka kabisa, utahitaji fundi wa kuiwasha mashine upya, na huyo naye analipwa.

Sasa jambo ambalo ningeliandika kwa herufi nyekundu kama ningeweza. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba. Usipashe nyumba kwa oveni ya gesi, wala usiweke jenereta ndani au karibu na dirisha. Kule kwetu nyumba zina matundu, upepo unapita. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo, na hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Inaua watu usingizini. Weka king'ora chake karibu na vyumba vya kulala. Kikilia, toeni watu wote nje kwanza, ndipo upige 911.

Ukikataliwa

Barua ya kukataliwa lazima isomwe hadi chini, kwa sababu chini ndipo panapoandikwa siku za kukata rufaa. Sheria ya LIHEAP inampa haki ya kusikilizwa kila aliyekataliwa, na hata yule ambaye ombi lake limekaa muda mrefu bila kushughulikiwa. Rufaa hailipiwi wala haihitaji wakili. Andika: sikubaliani na uamuzi, naomba kusikilizwa. Saini, tarehe, namba ya ombi. Kabla ya hapo piga simu uulize sababu, kwani mara nyingi ni hesabu ya kipato au idadi ya watu iliyoandikwa vibaya, na inarekebishwa bila kelele.

Akikujia mtu wa jamii yetu akitaka dola 50 ili "akuingizie" ombi, mkatalie. Fomu ni bure. Na anayepiga simu akijifanya kampuni ya umeme, akitaka ulipe sasa hivi kwa kadi za zawadi za dukani, ni mwizi. Kata simu, upige namba iliyo kwenye bili yako.

Ukiwa ofisini bado, uliza mengine mawili

La kwanza ni Weatherization, mpango wa Wizara ya Nishati ulioanza 1976. Mafundi huja kuziba mianya, kuweka pamba ya kuzuia joto lisitoroke darini, na wakati mwingine kutengeneza mashine ya joto. Kikomo cha kipato chake ni asilimia 200 ya kiwango cha umaskini, kwa hiyo aliyekosa LIHEAP kidogo huenda akaingia huku. Mpangaji anahitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Foleni huwa ndefu, jiandikishe uisahau.

La pili ni malipo ya wastani. Kampuni nyingi za gesi na umeme hujumlisha matumizi ya mwaka, zikagawa kwa 12, ukalipa karibu kiasi kilekile Januari na Julai. Hupunguziwi hata senti, lakini kwa mtu anayelipwa kwa saa ni nafuu kubwa kujua namba ya mwezi ujao.

Ombi la LIHEAP ni la msimu mmoja tu. Mwaka ujao unaanza upya, hata kama hakuna kilichobadilika nyumbani. Bahasha uliyoikusanya usiitawanye: ongeza humo karatasi ya mshahara kila mwezi, na kwenye simu yako weka kengele ya 15 Septemba.